Nesi wa Gongoni na Presha ya Mke Wangu

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, mke wangu alikuwa akikoroga uji, mwiko ukamtoka mkononi. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeshika simu, nikimwandikia mteja kwamba mlango wake uko tayari. Nilisikia mwiko ukianguka, nikasikia pia kwamba hakuna aliyeuokota. Nilipoingia jikoni alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, upande wa kulia wa uso umeshuka. Alinitazama kama mtu anayetaka kuomba radhi asijue aanzie wapi.

Jioni ya jana yake alikuwa amepimwa presha barazani kwa jirani yetu. Nilikuwepo. Jirani alitoa mirija ya kipimo masikioni, akafungua mkanda, akampapasa mke wangu bega, akasema, "Mia na ishirini na tano kwa themanini. Damu ya mwari hii, Mama Salma. Nenda kapike."

Jirani huyo ndiye ninayetaka kumweleza. Mtaani kwetu Gongoni, hapa Tabora mjini, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tulimwita Nesi. Tulipohamia nyumba ya pili kutoka kwake alikuwa ameshastaafu, lakini aliendelea kuamka kama mtu wa zamu, akafagia baraza, akatandika kitambaa cheupe juu ya kimeza, akaweka juu yake kipimo cha presha cha mshale, kile cha kupuliza kwa mpira. Watu walikuja. Hakudai chochote. Mwenye mayai alileta mayai, mwenye maneno matupu aliacha maneno.

Jambo la kwanza ambalo mtu hulikumbuka ni mikono yake. Ilikuwa mikubwa kwa mwanamke wa kimo kile, na siku zote ya moto. Kabla ya kumgusa mtu alishika bilauri ya chai mpaka viganja vipate joto, asubuhi ya kipupwe na mchana wa jua kali vilevile. Alisema mkono wa baridi ni habari mbaya, na mwili huisikia kabla ya masikio. Mtoto aliyekuja na wazimu wa kuogopa sindano alimkalisha mapajani, akamweka kiganja mgongoni, akaanza kumuuliza habari za mbuzi wao. Sindano ilipita katikati ya habari za mbuzi.

Mume na mke waliogombana hakuwapima. Nakumbuka jirani mmoja, dereva wa lori, alikuja na mkewe wakiwa wametoka kurushiana maneno njia nzima. Nesi akawaweka kwenye mkeka mmoja.

"Shikaneni mikono."

"Mimi na huyu?" akasema mwanamke. "Bora nishike pasi ya moto."

"Basi rudini nyumbani. Kipimo changu hakipimi ugomvi."

Walishikana, kila mmoja anatazama upande wake. Dereva akaanza kucheka kwanza, mkewe akamfinya. Nesi alimpima mwanamke, akasubiri, akampima tena, akaniita mimi niliyekuwa nimekaa kwenye ngazi. "Fundi, wewe unapenda mambo ya vitabu. Ya kwanza mia na hamsini, hii ya pili mia na thelathini na mbili. Dawa gani imemezwa hapa?"

Mimi ni seremala. Shule niliishia darasa la saba, ila nasoma. Sokoni kuna mtu anayepanga vitabu vikuukuu chini kwenye turubai, na kwake nilinunua kitabu cha baiolojia cha sekondari, jalada limetoka. Baada ya siku ile nilikisoma sura ya homoni mara kadhaa. Nilielewa hivi: mtu akiingiwa na hofu, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga homoni kwenye damu, moyo hukimbia, mishipa hujibana, sukari hutolewa akiba, mwili mzima hujiweka tayari kupigana au kutoroka. Hofu ikipita, mwili hurudi. Hofu isipopita, mwili hukaa tayari mwaka baada ya mwaka, na mishipa huchoka. Kitabu hakikusema habari za kushikwa mkono. Hiyo niliikuta baadaye kwingine: kwamba mtu akiwa karibu na anayempenda na kumwamini, hasa akimgusa, king'ora kile cha ndani hupungua. Nilifurahi sana kuipata. Nilimpelekea Nesi kama mtu anayempelekea mwalimu wake cheti.

"Sasa wameandika?" akasema. "Basi vizuri. Walichelewa."

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Kwa vitu vidogo alikuwa mkweli hadi kero. Muuza duka akimrudishia chenji imezidi, alirudi na sarafu yake juani. Dawa iliyopitwa na tarehe kwa siku moja aliitupa chooni mbele ya mwenyewe. Alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, na alipomkuta padri amekonda alimwambia pale pale kwenye mlango wa kanisa. Lakini habari nzito hakupenda zije mbio. Alishikilia desturi ya zamani ambayo sisi wote tumelelewa nayo, kwamba mgeni akiulizwa habari za atokako hujibu nzuri, hata kama ametumwa kuleta msiba. Husema nzuri, hukaa, hupewa maji, hunywa, hupumua. Halafu ndipo husema "ila".

Siku moja alikuja mtu kutoka Kigwa, kwa garimoshi. Nesi alimpokea kwa mwangaluka ya Kinyamwezi, wakasalimiana kwa urefu wote unaotakiwa, za watoto, za shamba, za mvua. Yule mtu alisema huko kwema. Akanywa maji, akala viazi. Alipomaliza kunawa ndipo akasema ila kaka yako mkubwa tumemzika jana. Nesi alilia. Alipotulia, jambo la kwanza aliloniambia ni hili: "Umeona alivyonileta pole pole? Huyo amelelewa."

Kuhusu jambo hilohilo alikuwa na usemi wake, ambao sijausikia kwa mwingine. Nyumba zetu ziko upande ilikopita njia ya misafara ya zamani, ile iliyokwenda Ujiji, na wazee wa hapa bado wanasimulia habari za wapagazi kama mambo ya juzi. Nesi alisema mpagazi akiwa katikati ya pori hakuambiwa mzigo wake una ratili ngapi. Aliambiwa bado kidogo tufike. "Ukimtajia uzito," alisema, "anaubeba mara mbili."

Nilidhani anazungumzia uvumilivu.

Na kulikuwa na ukali wake, ambao aliuweka kwa watu asiowajua. Mchana mmoja alifika mfugaji kutoka Choma ya Igunga, mtu mnene mwenye fimbo na kofia pana, amekuja mjini kwa shughuli zake, mtu akamwelekeza pale kwa sababu kichwa kinamgonga. Nesi hakumpapasa bega. Alimfunga mkanda, akapuliza, akasikiliza.

"Mia mbili na kumi kwa mia na ishirini."

"Ni nyingi?"

"Ukirudi Choma bila dawa, ng'ombe wako watagawanywa kabla ya masika."

Mtu yule alicheka mpaka fimbo ikaanguka. "Mama, kwenu mnasalimia wageni hivi?"

"Wageni tunawasalimia. Wagonjwa tunawaambia. Duka la dawa ni lile, anza leo, na chumvi uipungie mkono."

Alikwenda dukani kwa miguu yake. Yu hai. Mwaka jana alipita kumletea Nesi samli kwenye chupa, akamwita mkwe, akatutania sote barazani.

Mke wangu alipimwa pale kila Ijumaa jioni kwa miaka. Waliketi mkeka mmoja, na kwa kweli upimaji ulikuwa sehemu ndogo ya jioni. Walichambua mchicha, walisemana, walicheka mambo ambayo nikikaribia yaliisha. Mama yake mke wangu alipofariki, Nesi ndiye aliyelala naye chumba kimoja mpaka arobaini ikapita. Tangu hapo alimwita mwanangu. Kila Ijumaa niliambiwa tarakimu, nami nilizipokea kama ninavyopokea kipimo kutoka kwa fundi ninayemwamini. Zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri kila mara, na mtu anayepima mbao kila siku alipaswa kushangaa kipimo kisichotikisika.

Hospitalini daktari alikuwa kijana mpole. Alitazama karatasi zake, akanitoa nje ya wodi.

"Mzee, presha hii si ya jana. Moyo umeshatanuka. Hamkuwa mkipima?"

"Tulikuwa tunapima. Kila wiki."

"Nani alikuwa anapima?"

Nilimwambia ni jirani. Sikusema zaidi. Nilikuwa bado namlinda.

Tuliporudi nyumbani, mke wangu akiwa hawezi mkono wa kulia na maneno yake yamekuwa machache, nilikwenda kwa Nesi. Alikuwa barazani akibangua karanga.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, Fundi. Mgonjwa wetu?"

"Hajambo," nikasema, kwa mazoea.

Akanisogezea maji. Sikuyanywa.

"Ile Ijumaa ilikuwa ngapi?"

"Ijumaa ipi?"

"Nesi."

Karanga aliyokuwa ameishika aliibangua, akaipuliza ganda, akaitia kwenye ungo. "Mia na tisini na tano kwa mia na kumi."

"Na Ijumaa ya kabla yake?"

"Hukohuko."

"Tangu lini?"

"Tangu alipofiwa na mama yake."

Nilikaa. Nilihesabu haraka, ikatoka miaka mitatu na ushei.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema. Nilikuwa natafuta siku."

"Siku gani?"

"Siku ambayo hana jingine. Mara msiba. Mara Salma anaolewa. Mara wewe umejikata kwa msumeno. Kila Ijumaa anakuja na lake, nami nimuongezee? Nilikuwa nikimshika mkono inashuka, Fundi. Naisikia humu masikioni, inashuka. Nikasema basi, nitamshusha hivihivi mpaka ipatikane siku."

"Inakaa chini kwa muda gani?"

Hapo alinitazama. "Mpaka afike kwake."

"Yule wa Choma ulimwambia palepale. Hata hakuwa amekaa vizuri."

"Yule simjui," akasema.

Nimeyarudia maneno hayo mawili mara nyingi kuliko nilivyorudia maneno ya daktari. Hakuyasema kwa ukali, wala kwa kujitetea. Aliyasema kama mtu anayeeleza jambo ambalo hata mtoto angelielewa. Mgeni aliambiwa, akapona. Mke wangu alipendwa.

Nilimwambia asikanyage kwangu. Akajibu, "Nimesikia, mwanangu," kisha nilipokuwa nashuka ngazi akaniita, na nikadhani sasa ataomba msamaha. Alisema, "Dawa zake usimpe tumbo likiwa tupu."

Habari zilienea, maana ukuta wa Gongoni una masikio. Watu walikwenda kupima kwingine, hospitalini na kwenye maduka ya dawa, wakalinganisha. Ikaonekana ni watu watano au sita aliowapunguzia tarakimu, wote wale aliowaita mwanangu. Wengine wote aliwaambia kweli tupu. Na hapo mtaa ukafanya jambo ambalo sikulitarajia. Mke wa yule dereva wa lori alirudi kutoka kupima akiwa amevimba kwa hasira.

"Yangu ni ileile aliyoniambia!" alisema mbele ya kisima. "Miaka yote hiyo! Kumbe Nesi hanipendi!"

Watu walicheka. Mimi sikuweza. Muda mfupi baadaye Nesi alifunga nyumba, akahamia Ntalikwa, kwenye shamba lake. Mtaani walisema amefuata mihogo yake. Nilimwona akipakia kitanda kwenye guta, naye aliniona, nami niliendelea kupiga randa.

Nilinunua mashine ya kupimia, ya betri, inayoandika tarakimu yenyewe kwenye kioo. Niliichagua hiyo makusudi, kwa kuwa haihitaji sikio la mtu. Nilimpima mke wangu asubuhi na jioni. Dawa alimeza kwa saa. Chumvi niliondoa nyumbani kabisa. Lakini presha haikushuka inavyotakiwa. Ilikaa mia na sabini, mia na sabini na tano. Kliniki waliongeza dawa, wakasema tusubiri, wakaniuliza kama nyumbani kuna utulivu. Nilisema upo. Nyumba ilikuwa kimya hata mlio wa mashine ulisikika uani.

Maneno yake yalirudi moja moja. Lilipotoka neno "Nesi" nilijifanya sijalielewa. Alilirudia siku iliyofuata, na iliyofuata, mpaka jioni moja alinishika shati kwa mkono wa kushoto.

"Mlete."

"Alikudanganya, Mama Salma. Karibu akuue."

"Najua."

"Umejua lini?"

Aligusa kichwa. "Kiliuma. Kila siku. Mia ishirini... haiumi."

"Ulijua? Mbona hukuniambia?"

Alitafuta maneno kwa muda mrefu, nami nikamngoja. "Wewe... ungepima," akasema. Halafu, akiitazama mashine mapajani mwangu: "Ukija na hiyo, moyo unaruka. Yeye ananishika."

Nilitoka nje nikasimama uani. Walikuwa wawili, basi. Mmoja alisema uongo na mwingine aliukubali, juu ya mkeka mmoja, hatua chache kutoka kwenye karakana yangu, na aliyekuwa akifurahia tarakimu alikuwa mimi peke yangu. Nilifikiri kutokwenda. Nilifikiri hivyo kwa siku kadhaa, na kila siku mashine iliandika ileile. Sikuwa na haja ya kumsamehe mtu ili niweze kusoma tarakimu. Mke wangu akipigwa tena na kiharusi, daktari alikwisha kuniambia, huenda asiamke.

Ntalikwa nilimkuta Nesi akianika michembe ya viazi juu ya bati. Amekonda. Kile kitambaa cheupe cha kimeza amekifanya ushungi.

"Shikamoo."

"Marahaba, Fundi. Habari za Gongoni?"

Nilivunja adabu kwa makusudi. "Mbaya. Presha haishuki. Anakutaka wewe."

Aliweka chini kipande cha kiazi. "Na wewe?"

"Mimi nakupa masharti. Utamshika tu. Kusoma nitasoma mimi, na tarakimu itasemwa kwa sauti, iwe ngapi."

"Sawa."

"Uongo mmoja, hutarudi tena."

"Fundi, nimesema sawa. Ngoja ninawe."

Aliomba chai kwa jirani yake, si ya kunywa. Aliishika bilauri mpaka bodaboda ikafika.

Nyumbani nilimpima mke wangu kabla Nesi hajaingia chumbani: mia na sabini na mbili kwa mia na nne. Kisha akaingia. Hawakulia, kama nilivyokuwa nimejiandaa. Nesi alikaa kitandani, akauchukua ule mkono wa kulia usiosikia kitu, akauweka katikati ya viganja vyake.

"Umenenepa," akamwambia.

"Mwongo," akasema mke wangu, neno zima, bila kukwama, na wote wawili wakaanza kucheka.

Walizungumza habari za viazi. Mimi nilikaa kwenye kiti nikitazama saa ya ukutani, maana kipimo kizuri kinataka mtu atulie. Kisha nikabonyeza. Mkanda ukajaa, ukalegea, kioo kikaandika. Nilisoma kwa sauti kama nilivyoapa.

"Mia na arobaini na nane kwa tisini."

Nilipima tena, nikitumaini mashine imekosea. Mia na arobaini na sita. Miaka ishirini na sita ya ndoa, dawa kwa saa, nyumba bila chumvi, na damu ya mke wangu ilikuwa imemchagua aliyemdanganya. Mashine haimpendi mtu yeyote, kwa hiyo hapakuwa na wa kubishana naye.

"Hii ni ya sasa hivi," Nesi akasema, hakuwa ameulizwa. Alikuwa akimtazama mke wangu usoni. "Nikitoka itapanda, mwanangu. Si nzuri bado. Mkono wangu haukutibu, umesikia? Vidonge visikose hata siku moja."

Mke wangu aliitikia kwa kichwa. Uso haukubadilika, wala hakuuvuta mkono wake.

Sijamsamehe, na yeye hajaniomba. Akija ananisalimia, naitika, najaza bilauri ya chai ya moto naiweka karibu yake, kisha narudi kwenye randa yangu mpaka nitakapoitwa kusoma. Vipimo vya asubuhi vimeanza kushuka pia, polepole, hata siku asizokuja. Daktari anasema ni dawa mpya. Huenda.

Bodaboda kutoka Ntalikwa, kuja na kurudi, ni shilingi elfu nane kila Ijumaa. Namlipa dereva mwenyewe, mkononi mwake, ili Nesi asije akadhani ni zawadi. Mpaka Ijumaa iliyopita zimefika laki moja na elfu hamsini na mbili.